Muhuri wa Mwalimu Waithaka

Sehemu ya kumi na nne

Tuliachana Ijumaa iliyopita Shukri Darweshi akiwa mbele ya kompyuta yake, orofa ya tatu, Kenyatta Avenue mjini Nakuru, ameziba mdomo kwa kiganja ili kicheko kisimtoke. Jumbe zenu nimezisoma. Karibu nyote mnataka damu, na bwana mmoja wa Gilgil ameapa kwamba nikimwachia yule mwalimu ataacha kununua gazeti. Tulia basi, bwana wa Gilgil.

Kwa aliyeingia leo, nitasema haraka. Shukri hukagua maombi ya vijana wanaotaka kusoma nje, katika ofisi iitwayo Ng'ambo Direct. Miaka minne iliyopita yeye mwenyewe aliomba kusomea udaktari wa mifugo katika Chuo Kikuu cha Kirkhaven, Scotland. Alikuwa na kila walichotaka: A ya Biolojia, A ya Kemia, na B+ ya Kiingereza iliyomwondolea ule mtihani wa Kiingereza wanaofanyishwa wageni. Akakataliwa bila maelezo.

Mwezi uliopita ndipo chuo kilipomtumia nakala ya faili lake, baada ya kuliomba mara tatu. Ndani akakuta barua ya siri kutoka shule yake ya zamani, Malisho Girls ya Gilgil. Ilisema alishikwa na mwakenya, yaani karatasi ya majibu, ndani ya soksi kwenye mtihani wa mock, na kwamba si mtu wa kuaminiwa. Uongo mtupu. Chini palikuwa na muhuri wa shule na sahihi ya naibu mwalimu mkuu, Peter Waithaka.

Na faili lililo mezani leo ni la Lynn Waithaka, binti wa mwalimu huyo huyo. Anaomba kozi ile ile katika chuo kile kile. Mlango wa maombi unafungwa leo saa kumi na moja jioni, na saa ya ukutani inasema saa tisa na dakika kumi.

Sasa Shukri alikuwa anacheka nini? Alikuwa anachekea sharti la saba.

Sharti la saba la Kirkhaven linasema mwombaji alete barua ya mwalimu anayemfahamu, na mwalimu huyo asiwe na undugu wowote naye. Barua ikivunja sharti hili, ombi zima linatupwa na hakuna kukata rufaa. Barua ya Lynn ilikuwa nzuri, ya kusifu kutoka juu mpaka chini. Tatizo lake lilikuwa moja tu. Ilikuwa imetiwa sahihi na Peter Waithaka, baba mzazi.

Shukri hakuhitaji kughushi kitu wala kumwambia mtu uongo. Kazi yake ilikuwa kuona makosa kama hayo kabla chuo hakijayaona, na leo angeamua tu kutoyaona. Abonyeze kitufe cha kutuma, avae koti, aende nyumbani Bondeni akale.

"Amejimaliza mwenyewe," akasema peke yake.

Kidole kilikuwa kimeshafika kwenye kitufe mlango ulipogongwa.

Aliyeingia alikuwa mwanamume wa miaka hamsini na ushei, suti ya buluu, kofia mkononi. Shukri alimtambua kabla hajafunga mlango. Angemtambua hata gizani.

"Habari ya mchana, madam," mgeni akasema. "Mimi ni babake Lynn. Nimetoka Gilgil saa hii. Mtoto ako home na stress, hajakula tangu jana. Nikasema wacha nikuje nione na macho yangu kama hiyo application imeenda."

"Keti, mwalimu."

"Umejuaje mimi ni mwalimu?"

"Iko kwa file."

Waithaka akaketi na kumwangalia usoni. Aliona hijabu, miwani, na kadi kifuani iliyoandikwa Shukri D. Halafu akaangalia huku na huku akitafuta mahali pa kuweka kofia.

Shukri alingoja. Kwa wiki nne alikuwa amejiandaa kwa dakika hii. Aliota mwalimu akishtuka, akikana, au akitoka mbio kwa ngazi. Mwalimu akaiweka kofia juu ya goti na kuuliza kama kuna maji ya kunywa.

Hakumkumbuka. Nasema wazi, jambo hilo lilimuuma Shukri kuliko ile barua. Unamchukia mtu mwezi mzima, unaamka naye na kulala naye, kumbe yeye hana habari kama uko duniani.

Papo hapo akabadilisha mpango. Kile kitufe hakikutosha tena. Kirkhaven wakimkataa Lynn, Waithaka atasema ni bahati mbaya, atanunulia mtoto soda na maisha yataendelea. Shukri alitaka ajue, na alitaka akiri kwa sahihi yake mwenyewe.

"Kuna shida kidogo, mwalimu," akasema akimpa maji. "Kuna form tatu mzazi hajasaini."

"Hizo tu? Leta."

"Ngoja nizi-print."

Fomu mbili zilikuwa za kweli, zile za ruhusa ya kutumia habari za mwanafunzi. Ya tatu akaanza kuitunga pale pale, vidole vikikimbia, huku Waithaka akimpigia hadithi.

"Huyu msichana anapenda ng'ombe, hata sijui alitoa wapi," mwalimu alikuwa akisema. "Akiwa Form Two, jirani yetu alikuwa na ng'ombe imeshindwa kuzaa. Vet wa kutoka Naivasha amechelewa. Lynn akajipaka sabuni mkono mpaka hapa, akageuza ndama mwenyewe. Na alikuwa amevaa uniform."

Vidole vya Shukri vikasimama. Yeye naye, akiwa darasa la nane, alimzalisha mbuzi wa baba yake mapacha nyuma ya buchari, na mzee Darweshi akawaambia majirani wote kwamba nyumba yake ina daktari. Kisha akaendelea kuchapa.

Karatasi ya tatu iliandikwa kwa Kiingereza cha ofisi. Nawapa kwa lugha yetu: Mimi, Peter Waithaka, nakiri kwamba barua niliyowaandikia Kirkhaven kumhusu mwanafunzi Shukri Darweshi ilikuwa ya uongo kutoka mwanzo hadi mwisho, na kwamba nilimharibia maisha nikijua ninachofanya.

Akaiweka chini ya zile mbili na kuzisukuma zote mbele ya mwalimu. Alijua mtu mwenye akili zake hawezi kutia sahihi kitu kama hicho. Alitaka tu kumwona akifika kwenye lile jina.

Waithaka akaingiza mkono kwenye mfuko wa ndani wa koti. Akatoa kitu kimefungwa kwa leso. Akakifungua, na ndani mlikuwa na muhuri wa Malisho Girls pamoja na kikopo cha wino.

"Unatembea na stamp ya shule?" Shukri akauliza.

"Nikiacha kwa ofisi wataipoteza. Nisaini wapi?"

"Hapo chini."

Akasaini na kugonga muhuri. Hakuvaa miwani, ambayo ilikuwa pale pale kwenye mfuko wa shati.

"Na hapa?"

"Na hapo pia."

Akasaini na kugonga. Akafunua karatasi ya tatu.

"Hii nayo?"

Shukri akaitikia kwa kichwa. Waithaka akasaini, akagonga muhuri, akaupuliza wino ukauke, akarudisha vitu vyake ndani ya leso.

"Imeisha?" akauliza.

Wasomaji wangu, hapo ndipo Shukri alipotakiwa kufurahi. Alikuwa na ungamo, na muhuri juu yake. Lakini alikuwa akiitazama ile miwani kwenye mfuko wa shati.

"Mwalimu," akasema polepole. "Vaa miwani. Soma hiyo ya mwisho."

Waithaka akavaa. Akasoma huku midomo ikitikisika. Alipofika mwisho akarudi juu, akasoma tena.

"Shukri Darweshi ni nani?"

"Ni mimi."

Akamwangalia, safari hii kweli kweli. Shukri akafungua droo, akatoa ile barua ya miaka minne iliyopita na kuiweka juu ya meza.

"Soma na hii."

Alisoma. Sauti za barabarani zilikuwa zikiingia dirishani, makanga wakiita watu wa Njoro na Molo. Mwisho wake Waithaka akavua miwani.

"Sahihi ni yangu," akasema.

"Najua."

"Stamp ni yetu."

"Najua pia."

"Lakini haya maneno, mimi sijawahi yaona."

"Usinicheze, mwalimu."

"Madam, skiza. Sijawahi andika barua ya mwanafunzi hata moja. Hata moja. Kila mwaka ni mia, mia mbili, wengine wanataka ya kazi, wengine ya bursary. Nitatoa wapi time? Ukikuja kwangu nakwambia nenda andika mwenyewe, uweke kwa tray ya secretary achape, kisha iletwe nisaini. Wote wanajua hivyo."

Na ninyi mliosoma shule zetu, msijifanye mnashangaa. Nani kati yenu hakujiandikia barua yake ya kusifiwa? Ulijiita mchapakazi, mnyenyekevu, mcha Mungu na kapteni wa mpira wa vikapu, na mwalimu akagonga muhuri akielekea chai. Wazungu wanadhani hizo ni siri za mwalimu. Tumewaacha wadhani hivyo.

"Kwa hivyo ulisaini bila kusoma," Shukri akasema.

"Zilikuwa rundo."

"Rundo?"

Akasimama. Hasira aliyokuwa ameiweka miaka minne ilipanda yote mara moja, na haikujua pa kwenda. Alikuwa amejiandaa kukutana na mtu mbaya. Mbele yake alikaa mzee mvivu mwenye kofia juu ya goti.

"Mimi nimefungua buchari ya baba yangu saa kumi na mbili asubuhi, miaka miwili," akasema. "Wasichana tuliosoma nao wakipita wananunua nyama kwangu, wananiuliza, Shukri, kwani wewe hukuenda? Mama akaanza kuniombea dua eti labda nina hasidi. Na tangu nipate hiyo barua, nikikuona kwa ndoto nakusukuma kwa reli. Na wewe hujui hata jina yangu, kwa sababu nilikuwa kwa rundo."

Waithaka alikuwa amenyoosha mkono kulivuta faili la binti yake lililokuwa wazi mezani, na macho yake yalikuwa yametua kwenye barua ya kwanza.

"Hii ya Lynn," akasema. "Ni mimi nimesaini?"

"Kwani ni nani?"

"Aliiweka na zingine. Jumatatu. Zilikuwa kama arobaini."

"Soma sharti la saba."

Akasoma. Shukri alimtazama akisoma, na hapo, nakiri kwa niaba yake, alipata utamu. Jasho lilitokea juu ya nyusi za mwalimu na kuteremka. Akaliangalia jina lake chini ya sifa za mtoto wake, kisha akaiangalia saa ya ukutani. Saa kumi kasoro dakika tano.

"Watamkataa," akasema.

"Bila maelezo. Mimi nilikataliwa hivyo."

"Ulikuwa umeiona hii kabla nikuje?"

"Nilikuwa naituma hivyo hivyo."

Alidhani mwalimu atamtukana. Hakumtukana. Aliteremka kwenye kiti mpaka goti likagusa sakafu, na kofia ikaanguka.

"Nifanyie mimi chochote," akasema. "Hiyo karatasi nimesaini, peleka popote, hata kwa chief, hata kwa gazeti. Lakini mtoto hajakukosea."

"Mimi pia nilikuwa mtoto. Inuka, mwalimu. Ukipiga magoti hunisaidii."

Akainuka. Alikuwa akihema. Kisha, kwa sababu ufundishaji haumtoki mtu hata akiwa taabani, akauliza swali.

"Sasa wacha nikuulize kitu moja. Hiyo barua yako, ulijiandikia mwenyewe?"

Shukri akaivuta ile barua, akaiangalia upya.

Hakujiandikia. Wiki ile alikuwa kitandani, chumba cha wagonjwa cha shule, amelazwa na taifodi. Rafiki yake alikuja kumwona na uji. Walikalia dawati moja tangu kidato cha kwanza, wametoka wote Bondeni, na Kiingereza cha yule rafiki ndicho kilikuwa bora darasani. "Wewe pumzika, nitakuandikia," akamwambia. Jioni akarudi akicheka. "Nimekusifu mpaka nikaona aibu. Nimeshaipeleka kwa tray."

Rafiki huyo anaitwa Sundus. Kirkhaven walikuwa na nafasi moja tu ya ufadhili kwa kila shule. Shukri alikuwa wa kwanza, Sundus wa pili. Leo Sundus yuko mwaka wa nne Kirkhaven, udaktari wa mifugo. Ndiye aliyempigia Shukri simu kila Jumapili, miaka yote hii, na tangu ile nakala ilipofika wamekuwa wakimlaani Waithaka pamoja. Na Jumapili hii anaolewa na Ubaid, kaka yake Shukri.

Asubuhi ya leo ndege yake ilitua Nairobi. Ubaid na mama yao, Mama Khadijo, walitoka alfajiri kwenda kumpokea.

Shukri akaketi. Akaushika ukingo wa meza kwa mikono miwili.

"Umeniuliza nani aliiandika?" akasema.

"Sijakuuliza nani. Nimeuliza kama uliandika."

"Sikuandika. Na sikusoma." Akacheka kicheko kibaya. "Tumekuwa wawili, mwalimu."

Waithaka alielewa kwamba upepo umegeuka, ingawa hakujua umeelekea wapi. Akaitazama saa. Shukri alikuwa ameifungua kwenye kompyuta ile orodha ya masharti ya Kirkhaven na kuishusha upesi, anatafuta kitu anachokijua, maana huwasomea wateja kila siku. Akakipata. Sharti la kumi na mbili: nafasi iliyopatikana kwa udanganyifu inaweza kufutwa wakati wowote, hata asubuhi ya kuhitimu.

Akalichapa kwenye karatasi. Kisha akachukua lile ungamo lenye muhuri, akalipasua mara mbili mbele ya mwalimu, akatupa.

"Chukua kalamu," akasema. "Utaandika kwa mkono wako. Sitaki typing. Andika kwamba hiyo barua hukuiandika, kwamba kwa shule yenu wanafunzi hujiandikia, na wewe husaini bila kusoma. Andika tarehe. Andika kwamba Shukri Darweshi hajawahi shikwa na mwakenya."

Kalamu ya Waithaka ilibaki hewani.

"Nikiandika hivyo kazi imeisha," akasema. "Nimebakisha miaka mitano ni-retire."

"Ndio."

"Na kila barua nimesaini miaka kumi na moja wataiuliza. Kuna wasichana wazuri huko nje walienda nazo. Hawakudanganya mtu, walijisifu tu."

Hilo nalo Shukri alilifikiria. Alifikiria kama sekunde tatu. Mimi ningewaambia alifikiria zaidi, lakini sijazoea kuwadanganya.

"Ndio," akasema. "Chagua. Saa inaenda."

Ilikuwa saa kumi na dakika kumi na saba. Waithaka akainama, akaandika. Alijaza ukurasa mmoja kwa mwandiko mzuri wa ubaoni. Alipotaka kuutia sahihi, Shukri akaweka kiganja juu ya karatasi.

"Soma kwanza. Kwa sauti."

Akasoma. Alipofika kwenye neno "rundo" akakohoa, akamaliza.

"Tena."

Akasoma tena. Ndipo akaruhusiwa kutia sahihi na muhuri. Shukri akaikunja karatasi kwa upole, akaiweka kwenye mkoba pamoja na ile barua ya zamani na lile sharti la kumi na mbili.

"Sasa Lynn," akasema. "Nani anamfundisha na si ndugu yenu?"

"Madam Cheptanui. Chemistry."

"Mpigie. Weka loudspeaker."

Simu iliita mpaka ikakatika. Ikaita tena. Saa kumi na nusu Cheptanui akashika, nyuma yake kuku wakilia.

"Mwalimu, niko shamba, Njoro. Kuna nini?"

"Lynn anataka barua ya university," Waithaka akasema. "Ya leo. Ya saa hii."

"Si aandike anitumie nisaini?"

Waithaka akamtazama Shukri. Shukri alitaka kuona atajibu nini.

"Hapana," mwalimu akasema. "Andika wewe. Andika yale unajua juu yake, kama ni mabaya weka. Tuma na email yako ya shule, isipitie kwangu. Na usome kabla utume."

"Ati nisome?"

"Soma, Madam Cheptanui. Tafadhali."

Wakangoja. Waithaka aliokota kofia, akaikung'uta, akaiweka mezani, akaichukua tena. Saa kumi na dakika arobaini hakuna kitu. Dakika arobaini na tano akampigia, simu haipatikani. Shukri akaketi na mikono mapajani. Sehemu yake moja ilikuwa inaomba Mungu barua isifike, na sina haja ya kuificha, alikuwa na haki nayo.

Dakika hamsini na mbili barua ikaingia. Ilikuwa mistari tisa tu. Ilisema Lynn ni mkaidi, huchelewa kipindi cha asubuhi, aliwahi kuchoma meza ya maabara na akasema mwenyewe kabla ya kuulizwa. Ilisema hakuna mwanafunzi mwingine ambaye Cheptanui angemwachia ng'ombe wake.

Shukri akaisoma mara mbili. Aliona wivu. Hakuna aliyewahi kumwandikia yeye hivyo. Akaitoa ile barua ya baba, akaingiza ya Cheptanui, akakagua jina, tarehe ya kuzaliwa na namba ya mtihani, na dakika nne kabla ya saa kumi na moja akatuma.

Ombi limepokelewa, kompyuta ikasema.

Waithaka alifunika uso na kofia na mabega yakatikisika. Shukri hakumpa leso, hakumpa maji.

"Asante, madam," mwalimu akasema alipoweza. "Mungu akubariki."

"Mimi sijakusamehe. Tuelewane."

"Tumeelewana."

"Hiyo stamp uirudishe kwa ofisi. Na ukifika home umwambie Lynn ukweli, asije akajua kwa watu."

Aliondoka akishikilia ukuta wa ngazi. Bwana wa Gilgil, nimekupa nusu ya ulichotaka. Kama una kinyongo, ngoja kidogo, maana barabarani honi inapigwa.

Shukri alishuka na mkoba wake, akaikuta Probox ya Ubaid. Kaka mtu yuko kwenye usukani, amenyolewa vizuri kama bwana harusi. Mama Khadijo ameketi mbele na mfuko wa maembe mapajani. Nyuma, Sundus, ameshateremsha kioo.

"Shukri," akaita, na machozi yakimtoka. "Njoo hapa, mrembo."

Shukri akaingia. Wakakumbatiana. Sundus alimbana kwa nguvu, akambusu shavu hili na hili, akamshika mkono na hakuuachia.

"Umekonda," akasema. "Huyo Waithaka bado anakusumbua roho? Niliomba kwa ndege, wallahi, Mungu amlipe."

"Sasa, sis," Ubaid akasema akimtazama kwa kioo. "Mbona umenyamaza? Kazi imekuchosha?"

"Kidogo."

Gari likaingia barabarani kuelekea Bondeni. Mama Khadijo alikuwa akihesabu wageni kwa vidole. Watu wa Gilgil, watu wa Kihoto ambao maji ya ziwa yamewahamisha na itabidi walale hapo Bondeni, mpishi wa biriani ambaye hajathibitisha.

"Baba yako amechinja tayari," akasema. "Amesema binti wawili wa nyumba yake lazima wakae meza moja. Shukri, wewe ndiye utamshika mkono bibi harusi."

"Nitamshika, mama."

Akafungua mkoba. Alikuwa ametulia kabisa sasa, nami nawaambia Shukri akitulia hivyo, mkae mbali. Akatoa karatasi tatu na kuziweka kwenye mapaja ya Sundus.

"Nimekuletea kitu ya kusoma, wifi," akasema. "Anza na ya juu. Kiingereza chake ni kizuri sana."

Sundus akatabasamu na kuzichukua. Akasoma ya kwanza, na tabasamu likabaki mahali pake bila kazi. Akasoma ile ya mkono wa Waithaka. Akasoma ya tatu, yenye mistari minne tu, ile inayosema hata asubuhi ya kuhitimu. Mama Khadijo alikuwa amefika kwenye suala la hina.

Shukri alimwangalia kwa makini. Alingoja machozi, au magoti kama ya mwalimu, au uongo mwingine mzuri. Alikuwa na jibu tayari kwa kila kimoja.

Sundus hakulia. Alizikunja karatasi zote pamoja, akazirudisha kwenye mkono wa Shukri na kuufunga mkono ule kwa mikono yake miwili. Kisha akainua macho kwenye kioo cha dereva.

"Ubaid," akasema. "Habari ya hii barua, utamwambia wewe ama nimwambie mimi?"

Ubaid aliwasha taa ya kushoto, akatoa gari barabarani na kuzima injini, na Mama Khadijo akaacha kuhesabu.